Spika zimehamia Mkomani na besi imepotea

Swali: Assalam alaikum. Nina jozi ya spika za mbao, kila moja ina wufa (ya sauti nzito) ya inchi 8 na twita (ya sauti nyembamba) moja, nyuma zimeandikwa ohm 8. Amplifaya ni ya wati 50 kila upande. Malindi zilipiga vizuri miaka mingi. Mwezi wa tano tulihamia nyumba ya ukoo hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, nikaziweka kwenye msana wa juu (chumba kirefu chembamba). Ya kushoto iko sakafuni kwenye pembe, ya kulia imeingia sawasawa ndani ya kidaka kikubwa (shubaka la ukutani). Tangu siku hiyo besi haipo, sauti ya muimbaji haijulikani inatoka wapi, ya kushoto inakwaruza, na ya kulia hukatika na kurudi, zaidi jioni. Nimeambiwa wufa zimekufa, ninunue sabwufa. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaikum salaam. Ndugu yangu, sabwufa iache kwanza. Wufa iliyokufa kabisa hailii. Haikwaruzi, wala haikatiki na kurudi. Maelezo yako yanaonyesha makosa manne yaliyokukuta kwa pamoja, na kubwa kuliko yote huenda likaondoka kwa dakika mbili bila kutumia hata shilingi. Twende kwa mpangilio: waya kwanza, kisha viungo, kisha wufa yenyewe, kisha chumba. Anayeanza kwa kufungua boksi hupoteza siku nzima akitafuta ugonjwa ambao uko nyuma ya amplifaya.

Umesema mambo mawili kwa pamoja: besi haipo, na muimbaji hana mahali. Yakija pamoja hivyo, na yakianza siku ya kuhama, jambo la kwanza la kushuku ni kwamba spika moja imefungwa kinyume, chanya kwenye hasi. Koni (ile karatasi ya mbele inayotetema) ya kulia inasukuma hewa wakati ya kushoto inaivuta. Wimbi la sauti nzito ya 60 Hz (mitetemo 60 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 6, kwa hiyo spika mbili zilizotengana mita mbili ziko ndani ya wimbi lilelile, na anachotoa huyu mwenzake anakimeza. Sauti nyembamba zina mawimbi mafupi, hazimezani sawasawa. Zinabaki zikisikika, ila zinatawanyika, na ndiyo maana sauti ya mtu inakuwa kama inatoka kwenye kuta.

Zima amplifaya, uchomoe na plagi ukutani. Usiguse waya za spika amplifaya ikiwa imewaka, maana nyuzi mbili zikigusana kwa sekunde moja tu transista za mwisho zinaweza kuungua. Chomoa waya za spika upande wa amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, na ugusishe: waya ulioufunga kwenye chanya uende kwenye kichwa cha betri, wa hasi uende kwenye kitako. Gusa chini ya sekunde moja huku mtu mwingine akitazama koni. Kwa spika nyingi koni itaruka mbele. Baadhi ya spika za zamani za JBL ziliundwa zirudi nyuma, hilo si kosa. Linalotakiwa ni zote mbili zifanye vilevile. Ikiwa moja inatoka na nyingine inaingia, umempata mwizi wa besi: geuza waya za moja tu, usiguse za nyingine.

Nimekwambia upime kutoka mwisho wa amplifaya kwa sababu kipimo hicho kinakagua njia nzima, pamoja na kazi ya fundi aliyewahi kufungua boksi na kurudisha waya za ndani kinyume. Ukitaka uhakika wa sikio, zielekeze spika mbili uso kwa uso zikiachana sentimita 10, piga wimbo wenye besi, usikilize. Zima, geuza waya za moja, sikiliza tena. Mpangilio uliotoa besi zaidi ndio sahihi.

Sasa hii ya kulia inayokatika. Hapa lazima tuzungumze habari ya chunyu. Msana wa juu uko wazi kwa upepo, nawe umehamia wakati wa kusi, upepo unapobeba maji ya bahari na kuyaacha kila mahali. Chumvi ikikaa juu ya chuma hunyonya unyevu wa hewani mara unyevu huo ukipita kiasi cha asilimia 75, na jioni hewa ya Lamu hupita hapo kwa urahisi. Mchana kiungo kinakauka na kugusa, usiku kinalowa na kuota kutu. Kwenye shaba utaiona ya kijani, kwenye chuma ni ile nyekundu ya kawaida.

Kagua ncha za waya. Kama nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi au kijani, kata sentimita 3, menya sentimita 1 na kidogo, sokota nyuzi zote ziwe moja, pasiwe na uzi hata mmoja uliochomoza kugusa jirani. Usizipake lehemu kabla ya kuzikaza chini ya skrubu, kwa maana lehemu ni laini, inabonyea polepole na baada ya miezi kiungo kinalegea chenyewe. Vituo (mahali waya zinapofungwa) vya nyuma ya spika na vya amplifaya visugue kwa msasa mwembamba, namba 600, kisha vifute kwa pamba yenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Kaza. Kiungo kikishakazwa, kipake nje mafuta meupe ya Vaseline, utando mwembamba tu, hewa yenye chumvi isikifikie. Mafuta ya kufungulia nati zenye kutu usiyatumie hapa wala kwenye kitufe cha sauti. Yanaacha ute unaokusanya vumbi. Kitufe kinachokoroma kinataka dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, kisha kizungushe mwanzo hadi mwisho mara 20 amplifaya ikiwa imezimwa.

Ichunguze na waya yenyewe. Kwaruza uzi mmoja kwa wembe: ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na pwani inaoza upesi sana. Nunua shaba tupu ya milimita 1.5 za mraba. Kwa mita 5 za njia, waya hiyo inakula takriban ohm 0.12 kwenda na kurudi, jambo lisilosikika. Ukipita mita 10, chukua ya 2.5. Hakuna haja ya waya ya bei ya dhahabu.

Viungo vikiwa safi na bado inakatika, tatizo liko kwenye wufa. Ifungue kutoka kwenye boksi (weka alama ya chanya kwanza), chomoa waya zake, na upime kwa mita ya umeme kwenye kipimo cha ohm. Spika ya ohm 8 husoma kati ya 5.5 na 7, wala usishtuke kuona si 8 kamili, kwa sababu ohm 8 ni upinzani wake ikiwa inapiga. Sasa bonyeza koni taratibu kwa vidole viwili vilivyokaa pande mbili, huku ukitazama mita. Namba ikirukaruka au ikipotea, nyuzi laini mbili zinazotoka kwenye vituo kwenda kwenye koni zimekatika kwa ndani. Chunyu huzila pale zinapoingia kwenye lehemu. Badilisha kwa uzi laini wa shaba wa spika, urefu uleule wa zamani ukiwa na kilegeo chake. Ukikaza, koni haitoki kikamilifu. Ukiacha mrefu, utagonga koni na utakuletea mkwaruzo mpya. Lehemu kidogo na kwa haraka. Lehemu ikipanda juu ya uzi unakuwa mgumu kama msumari, na utavunjika palepale baada ya muda mfupi.

Tuje kwa ya kushoto. Kabla ya kumlaumu huyu mgonjwa, nyumba za Kiamu zina wakwaruzaji wao: sahani na vikombe kwenye zidaka, bawaba za mlango, fremu ya picha, komeo. Pakua kwenye simu programu ya kutoa sauti moja, anza 40 Hz, panda taratibu mpaka 200 Hz kwa sauti ya kadiri. Pale panapokwaruza simama, na umtume mtu ashike kitu kimoja baada ya kingine. Mara nyingi ni sahani ya kauri inayogusa chokaa, na dawa yake ni kipande cha kitambaa chini yake.

Ikiwa mkwaruzo unatoka kwenye spika, toa kitambaa cha mbele uangalie ukingo wa sponji unaozunguka koni. Uguse kwa ncha ya kidole. Ukinata, ukimung'unyika au ukiwa na ufa, umekwisha. Sponji huliwa na joto na unyevu hata kama spika haipigwi, na safari ya kutoka Malindi, na mitikisiko yake ya garini na mashuani, inatosha kumalizia uliokuwa umechoka. Bila ukingo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) haishikwi sawasawa katikati, inaweza kusugua chuma cha sumaku. Hapo wufa haijafa, ila ukiendelea kuipiga utaiua kweli.

Kubadilisha ukingo ni kazi ya subira zaidi ya kazi ya nguvu. Badilisha zote mbili kwa pamoja, umri wao ni mmoja. Usiagize kwa kusema "inchi 8" tu, kwa kuwa inchi 8 ziko za namna nyingi. Pima kipenyo cha nje cha mahali ukingo unapokaa kwenye fremu, kipenyo cha ndani cha hapohapo, kipenyo cha koni, na upana wa tuta la ukingo. Ukingo wa mpira unastahimili chumvi kuliko sponji, lakini ni mzito na hubadilisha tabia ya wufa. Spika iliyozaliwa na sponji mimi huipa sponji, hata hapa pwani.

Bandua wa zamani kwa vidole, mabaki yatoe kwa pamba yenye isopropili kidogo, koni ya karatasi isilowe. Bisibisi iweke mbali na sumaku, itavutwa na kutoboa koni kabla hujajua. Kofia ya katikati ikate kwa wembe mpya kuzunguka mstari wake, ndani utaona pengo jembamba baina ya koili na nguzo ya sumaku. Ukiona punje za kutu humo, zitoe kwa utepe wa gundi uliokunjwa juu ya kipande cha plastiki, kwa sababu kupuliza hakusaidii, sumaku imezishika. Kata kanda nne za filamu kuukuu ya eksrei, upana sentimita 1, urefu 6, uzipenyeze kwenye pengo pande nne. Zikae za kubana bila kulazimishwa. Zikilegea, ongeza unene sawa pande zote.

Gundi iwe nyeupe ya maji, ile inayobaki laini ikikauka. Gundi ya viatu inashika papo hapo, haikupi nafasi ya kusogeza, na dawa iliyomo inaweza kuyeyusha sponji. Gundi ya haraka inakauka kama kioo na kupasuka. Bandika ukingo kwenye koni kwanza, subiri saa mbili. Kisha paka fremu, lalisha ukingo, bana kwa vibanio vinane vya nguo, uache saa 24. Wakati wa kusi mimi huacha saa 36, unyevu unachelewesha gundi. Toa filamu, bonyeza koni polepole pande mbili: iende na kurudi kimya. Ukihisi msuguo hata kidogo, loanisha gundi ya fremu, bandua, uweke upya sasa hivi, maana hautajirekebisha wenyewe. Ikishapita, piga 40 Hz kwa sauti ya chini dakika kumi, ndipo urudishe kofia.

Twita sikuitaja kwa kuwa hukuilalamikia. Ila ikinyamaza siku moja, ipime vilevile. Mita ikisoma ohm zake na bado kimya, tazama kapasita ndogo iliyo mbele yake kwenye krosova (saketi inayogawa sauti nzito na nyembamba). Iliyo ya mikrofaradi 4.7 kwa twita ya ohm 8 hukata karibu 4,200 Hz, kwa hiyo lazima urudishe namba ileile, tena isiyokuwa na chanya na hasi. Twita nyingi za nyumbani huunguzwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa mpaka sauti ikapasuka. Ukisikia inapasuka, rudisha kitufe.

Sasa chumba, na hapa ndipo Malindi na Lamu zilipokukosanisha na spika zako. Nyumba yako ya mawe imepimwa kwa boriti. Mikoko haitoi mti wa kuvuka mbali, kwa hiyo msana ni mwembamba na mrefu, mara nyingi chini ya mita 3 kwa upana. Kuta ni za matumbawe na lipu ya chokaa, nzito na ngumu, hazimezi sauti. Chumba cha upana wa mita 2.7 kina besi yake mwenyewe karibu 64 Hz: ukikaa umeegemea ukuta inakuvimbia, ukikaa katikati ya upana inapungua. Na wewe umeipa kila spika hali yake. Iliyo pembeni inaongezewa besi na kuta mbili na sakafu. Iliyo ndani ya kidaka inaongea kutoka ndani ya mtungi, na tundu lake la hewa, kama liko nyuma, limezibwa na ukuta. Hata waya zikiwa sahihi, jozi ya namna hiyo haiwezi kukubaliana.

Itoe kwenye kidaka. Zidaka ziachie vitabu na vyombo (vyenye kitambaa chini), maana uso wake wa vishimo-vishimo unatawanya sauti vizuri, kama zinavyofanya boriti juu. Weka spika zote mbili upande mmoja wa ncha ya msana, zielekee urefu wake. Kwa upana wa mita 2.7, acha mita 1.6 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, kila ubavu utabaki na sentimita 55. Nyuma ziachie sentimita 40 hadi 60. Nawe kaa mita 1.7 hadi 2 kutoka kwa kila moja, umbali sawa, upime kwa utepe, macho yatakudanganya. Zigeuze kidogo zikutazame.

Twita iwe usawa wa sikio. Mkikaa kwenye viti, sikio liko karibu mita 1 hadi 1.1 kutoka sakafuni. Mkikaa kwenye jamvi na mito, ni sentimita 75 hadi 85, na stendi ya kiti itakuwa ndefu mno. Amua kwanza mnakaa wapi. Stendi ya chuma ukiijaza mchanga inatulia sana, lakini mchanga wa ufukweni una chumvi: uoshe kwa maji baridi mara tano au sita, uanike mpaka ukauke kabisa, la sivyo stendi itaoza kutoka ndani. Stendi ya mbao ngumu kutoka kwa seremala inanipendeza zaidi.

Kisha tandika. Mkeka mmoja mwembamba hautoshi. Jamvi zito au zulia baina yako na spika, mito ya sufi ukutani nyuma ya kichwa, pazia nene upande mmoja. Piga makofi mara moja: ukisikia mlio unaotetema kama chuma baada ya kofi, chumba bado kitupu. Ujaribu kwa udi (ala ya nyuzi) wa Zein l'Abdin, mwana wa Lamu, kuliko kwa muziki wa kisasa wenye besi ya mashine. Udi na sauti ya mtu vikisimama katikati, mahali pasipo na spika, kazi imefika. Usitoboe lipu ya zamani kwa ajili ya kupitisha waya, ipitishe chini ya jamvi.

Utunzaji ni mdogo ukiwa wa kila wiki. Zipige angalau nusu saa, joto la koili linafukuza unyevu. Zifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa maji baridi, kisha kikavu. Boksi za mbao za unga hunyonya maji ya kupigia deki na kuvimba chini, ziinue sentimita 3. Tundu la hewa liangalie kila mwezi: nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na mjusi huingia kwenye amplifaya akifuata joto na wadudu, akalala juu ya saketi. Wavu wa plastiki wenye matundu makubwa unatosha, wenye matundu madogo sana utafanya hewa ivume. Umeme ukikatika chomoa plagi, ukirudi ngoja dakika tano. Mvumo wa 50 Hz unaotulia ukigusa chuma cha amplifaya ni dalili ya hitilafu ya waya wa ardhi. Mwite fundi umeme mwenye leseni, wala usikate pini ya tatu ya plagi.

Ukimaliza haya yote na bado unahisi pengo chini kabisa, hapo sabwufa ina kazi. Udi na kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya taarabu) haziihitaji. Besi ya kusimama ya taarabu uzi wake wa chini ni 41 Hz, na hiyo wufa ya inchi 8 inaweza kuishindwa. Iweke mbele baina ya spika mbili, ikatie kwenye 80 Hz (ipige zilizo chini ya hapo tu), na swichi ya chanya na hasi iliyo nyuma yake ijaribu pande zote ukiwa umekaa mahali pako, uchague ile yenye besi zaidi. Chini yake weka kipande cha godoro zito: kuta za matumbawe zinazuia sauti isitoke, lakini boriti zinaibeba moja kwa moja mpaka kwa walio tini (ghorofa ya chini).